Ubeti Niliomficha Mtani Wangu

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo katika kanisa letu dogo hapa Igalula. Hatukuwa na kinanda. Ikitajwa namba ya wimbo watu walinyamaza, mimi nikakohoa kidogo, nikaanza. Nikianza juu, kanisa zima lilipanda, wazee wakatafuta pumzi. Mume wangu alikaa upande wa wanaume, benchi la tatu, na sauti yake nzito ilikuja chini ya yangu kama mtu anayeshika ngazi mwenzake apande. Niliishia darasa la saba, lakini Jumapili sikuona aliyenizidi.

Mume wangu alifariki mwaka juzi, wakati wa kuvuna karanga. Mwinjilisti mpya na mkewe walikuwa na miezi michache tu tangu wafike kutoka Morogoro. Mke ni Mluguru, na sisi Wanyamwezi tuna utani nao tangu mababu zetu walipopita kwao na mizigo kwenda pwani. Siku ya maziko akafanya kazi ya mtani. Alivaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, bega moja mbele, akasema, "Mnalia nini? Mnyamwezi kazoea safari, atarudi na chumvi!" Watu walicheka huku wanajifuta machozi. Mimi sikucheka. Kukosea hakukosea, ila alimwigiza vizuri mno kwa mtu aliyemjua kwa miezi michache. Na koti akaondoka nalo, ndiyo haki ya mtani.

Kisha kikaja kinanda, na mpigaji ni yeye, kipaza sauti mbele ya mdomo wake. Jumapili ya kwanza nilianza wimbo kwa mazoea, yeye akaanza kwingine. Waumini walibabaika kidogo, halafu wakamfuata yeye.

Nje ya kanisa akanishika mkono. "Mnyamwezi, umenikimbia leo!"

"Mluguru, ninyi mmezoea kubaki nyuma."

Waliotuzunguka wakacheka. Wao walidhani natania.

Tangu siku hiyo nilikaa kimya kwenye benchi langu. Nilimwonea wivu sauti yake, vidole vyake, hata mumewe aliyemsubiri mlangoni baada ya ibada. Nilikuwa naomba Mungu aniondolee wivu huo, na katikati ya maombi namtazama amevaa nini.

Ilipokaribia Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, alikuja nyumbani. Nilikuwa nabangua karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo utani umeuacha wapi?"

"Nje, na viatu. Nimekuja kuomba ule wimbo wa Kinyamwezi, ule usiomo kitabuni."

Wimbo huo tulifundishwa na mama mkwe wangu, na kwetu huimbwa kumsindikiza aliyekufa. Nilimwimbia, akarekodi kwenye simu, akarudia neno kwa neno lugha asiyoijua. Kinywani mwake ukawa mtamu kuliko kwangu. Tulipomaliza ubeti wa pili nikasema, "Umekwisha."

"Beti mbili tu?"

"Mbili tu."

Nilidanganya. Katika ubeti wa tatu mwanamke huanzisha peke yake, wanaume wakamjibu kwa sauti ya chini, na aliyewaongoza kujibu alikuwa mume wangu. Maneno ya kuanzisha nimebaki nayo mimi. Niliona nikimpa na hayo, ataondoka nayo kama alivyoondoka na koti.

Jumapili ikafika. Aliimba beti mbili, akainua vidole kwenye kinanda. Lakini wazee upande wa wanaume walikuwa wameshavuta pumzi kujibu. Mmoja akaguna ile sauti ya chini, akaikatisha, kwa kuwa hakuna aliyeanzisha. Mluguru alitazama wale wazee, akanitazama mimi, nikaona ameelewa. Nilitamani sakafu inimeze.

Akasogelea kipaza sauti. "Watani zangu, huyu Mnyamwezi ameniuzia kuku hana mapaja!"

Kanisa zima likacheka, wazee wakapiga benchi kwa viganja. Kwao ulikuwa utani. Sisi wawili tu ndio tuliojua kwamba alisema kweli, na kwamba alikuwa ameifunika aibu yangu kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama," akaniita, "lete mapaja."

Nilisimama. Ilinibidi nianze pale alipobonyeza, chini kuliko nilivyozoea, na sauti yangu ya uzee ikatosha pale. Wazee wakajibu. Vidole vyake vikatafuta upande wa chini wa kinanda, vikaipata njia ya sauti ya mume wangu, ile ya benchi la tatu. Wivu ukanipanda tena, nisiseme uongo. Nikaendelea kuimba na wivu wangu hivyo hivyo.

Baada ya ibada nilimngoja mlangoni.

"Jumanne uje na simu," nikasema. "Kuna maneno mawili umeyatamka Kiluguru."

"Na koti nilete?"

"Lete."

"Linakombolewa kwa kuku, unajua."

"Najua."

"Awe na mapaja, mama."

Jumanne alipopiga hodi na koti mkononi, kuku alikuwa amefungwa mguu mlangoni pa jiko tangu asubuhi.