Jina Tulilomfundisha Kuitika

Niliacha shule darasa la nne na sijawahi kuona haya kwa hilo. Mashine ya kusaga mahindi niliyo nayo hapa Kitale, nilianzia kwenye mlango wake nikibeba magunia ya watu. Klabu ya mpira ni yangu. Akademia ya vijana iliyo nyuma ya ghala ni yangu pia, na vitanda vyake nilivipigilia misumari kwa mkono huu. Nayasema mapema ili ijulikane kwamba kosa ninaloandika hapa sikutumwa na mtu. Nililitoa kichwani mwangu, na siku ile watu waliniambia nina akili.

Majina sitayaandika. Aliyepitia haya hachezi na majina.

Kulikuwa na shindano la vijana walio chini ya miaka kumi na tano. Fainali ingechezwa upande wa Bungoma, na wachezaji watatu bora wangesomeshwa bure mpaka kidato cha nne. Mimi nilikuwa na kijana mmoja mwenye mguu wa aina inayoonekana mara moja katika miaka kumi. Tatizo ni kwamba alikuwa na miaka kumi na saba. Mwili wake ulikuwa mdogo, ndevu hana, lakini alikuwa ameshatahiriwa; kwa desturi ya kwao Bungoma huyo ni mwanaume. Shule alikuwa ameacha kwa kukosa karo. Mama yake, mjane, anauza vitunguu sokoni Chwele.

Kocha ndiye aliyenidokezea kwamba kijana alikuwa na mdogo wake aliyekufa kwa malaria akiwa na miaka tisa. Angekuwa hai, angekuwa na kumi na nne. Nikamwita mama.

"Cheti cha kuzaliwa cha yule mdogo kiko wapi?" nilimuuliza.

"Kiko kwa sanduku. Pamoja na sweta yake."

"Tupe hicho cheti, mama. Huyo hakihitaji tena."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mzani wa tapeli. "Mzee, jina ya mtu amelala haiazimwi. Kwetu inapewa mtoto akizaliwa, na hao wamelala wanaulizwa kwanza. Sasa huyu yangu ako na jina yake tayari. Atabeba mbili aje?"

Mimi wazazi wangu walitoka mkoa wa kati wakaja kununua shamba Trans-Nzoia. Kwetu jina hupita kwa babu likaenda kwa mjukuu, na babu yuko hai anakunywa uji. Mimi na babu yangu tulikuwa tukiitwa tunaitika pamoja, watu wanacheka. Kwa hiyo nilimwambia mama jina ni karatasi tu.

"Karatasi haiitiki, mzee," akasema, akaenda zake.

Baada ya siku mbili za soko alirudi na bahasha. "Nimeleta juu ya shule, ndio asome," akasema. "Si ati umenishinda na maneno."

Sasa kijana akawa na jina la mdogo wake, lakini kichwa chake kilikuwa hakijahama. Kabla ya kila mechi wakaguzi huwapanga vijana mstari, huita jina, na anayeitwa hupiga hatua moja mbele aseme "Niko," wamlinganishe na picha. Kocha akaja kwangu amekunja uso.

"Bosi, huyu atatuumbua. Nimemwita na jina ya marehemu, amekaa tu ka gunia."

Hapo ndipo nilipotunga lile zoezi. Vijana wote waliamriwa kumwita kwa jina jipya, uwanjani, mezani, kitandani. Na mtu yeyote, saa yoyote, aliruhusiwa kumwita kwa jina lake la zamani akiwa amempa mgongo. Akigeuka, mizunguko mitano ya uwanja hapo hapo, hata kama ana sahani mkononi. Vijana walipenda mchezo huo kuliko mpira. Walimwita wakiwa chooni, walimwita kutoka juu ya paa la ghala. Wiki ya kwanza alikimbia mpaka akatapika. Wiki ya pili aligeuka mara moja tu. Wiki ya tatu hakugeuka kabisa. Nikajipiga kifua.

Kitu cha kwanza kilikuwa mguu. Huyu alikuwa wa kulia; ghafla akaanza kupiga kwa kushoto. Kocha akauliza nani amemfundisha, hakuna aliyejibu. Mimi nikaona ni faida. Halafu akaacha kula omena, wale dagaa wa ziwani, akawa anaisukuma pembeni ya sahani kama mtoto. Halafu nikaona vijana wamesogeza vitanda vyao upande mmoja wa chumba, chake kimebaki peke yake dirishani.

"Kuna nini?" niliuliza.

Wakasukumana. Mmoja akasema, "Mzee, si ukimwita anaitika kabla humalizi."

"Hiyo ni vizuri."

"Na wakati ingine anaitika na hatujamwita."

Niliwafukuza waende mazoezini. Lakini siku hiyo hiyo, saa saba mchana, jua kali, niliingia ghalani kuangalia mahindi. Nikasikia sauti nyuma ya magunia: "Niko." Sauti nyembamba. Nikazunguka. Alikuwa ameketi juu ya gunia anafunga kamba za kiatu, macho yake yako kwenye mlango wa pili wa ghala. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu.

"Nani amekuita?"

"Si wewe, mzee?"

Mimi sikuwa nimefungua mdomo.

Siku tatu kabla ya fainali mama yake alikuja kumwona. Walikuwa mazoezini. Kijana alikuwa ameinama kuchukua mpira, hatua kumi kutoka kwa mama, amempa mgongo. Mama akamwita kwa jina lake, lile alilompa siku alipozaliwa. Hakusogea. Akamwita tena. Vijana wengine wote walisimama. Akamwita mara ya tatu kwa nguvu, mpaka mpagazi wangu mmoja akatoka ghalani kuangalia. Mgongo wa kijana haukutikisika.

Kisha mama alifanya jambo ambalo nafikiri alijuta hapo hapo. Akaita lile jina lingine, polepole, kama unavyomwita mtoto akaoge.

Kijana akageuka. Akamkimbilia, bega la kushoto likiwa limeshuka, nikaona mama anarudi nyuma, maana mbio hizo alizijua, zilikuwa za yule mdogo. Akasimama mbele yake akamuuliza, "Umeniletea sweta?"

Mama aliketi chini kwenye nyasi. Akaniambia, bila kuniangalia, "Mzee, nilizika mmoja nikabaki na mmoja. Nilikuletea huyo hai. Sasa unanirudishia nani?"

Ningemaliza mambo siku hiyo. Lakini mimi ni mtu wa kumaliza nilichoanza, na hicho kiburi ndicho kilichonijengea ghala. Nikamwambia, "Ngoja fainali ipite."

Fainali ilikuwa karibu na Kibabii, huko Bungoma. Uwanja ulijaa, wengi wao mashabiki wa wapinzani. Vijana wakajipanga mstari. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani na faili. Alipofika kwa kijana wangu, hata hajamaliza kuita, yule akapiga hatua mbele: "Niko."

Mkaguzi akacheka. "Huyu ana haraka."

Nikatazama kwenye kamba inayozuia mashabiki. Mama yake alikuwa amesimama pale. Hakuwa amekuja kushangilia. Alikuwa ameshika kifuani sweta ya buluu, ndogo, ya mtoto wa miaka tisa, na kijana alikuwa anaitazama hiyo sweta tu. Nikaona kwamba mechi ikichezwa tukashinda, jina hilo litaandikwa shuleni miaka minne, na litaitwa kila asubuhi.

Nikasimama. "Huyo amekufa," nikasema.

"Nani amekufa, mzee?"

"Huyo umeita. Alikufa akiwa na miaka tisa. Huyu hapa ni kaka yake. Cheti nilikileta mimi."

Kocha akanivuta koti. "Mzee, kaa chini bana. Unatuua."

"Wacha nisimame."

Tulifukuzwa kwenye shindano na klabu ikafungiwa. Kutoka upande wa pili mtu akapaza sauti, "Kitale wanachezesha maiti!" na uwanja mzima ukacheka. Vijana wangu walilia. Yeye hakulia. Alibaki pale pale, hatua moja mbele ya mstari ambao haukuwepo tena, anangoja kuitwa.

Nilimpakia kwenye pikapu yangu pamoja na mama yake, sisi watatu, tukaenda kwao jioni jua likiwa bado juu. Kaburi liko nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mama akaniambia niseme kwa mdomo wangu. Nikaweka bahasha yenye cheti juu ya udongo nikasema, "Nilichukua jina lako bila kukuuliza. Nimelirudisha." Hayo tu. Maneno mengi sina.

Kisha mama akamwita kijana kwa jina lake. Kijana akaangalia miguu yake. Nikamwita mimi. Hakuna.

Niliona vidole vya miguu yake vimechimba udongo kama anayejizuia kukimbia, ndipo nikaelewa. Mizunguko mitano. Mimi ndiye niliyeiweka kwenye miguu ile, na mimi ndiye wa kuitoa. Nikavua koti, nikavua viatu. "Sikia," nikamwambia. "Kuanzia leo ukiitwa jina lako, anayekimbia ni mimi."

Nikakimbia. Nina goti bovu na tumbo la mtu anayekula vizuri. Nilizunguka nyumba, jiko, migomba, zizi, naita jina lake kila kona. Watoto wa jirani walikuja kwenye ua kunicheka, na wawacheke wazee wao pia. Mzunguko wa pili, pale kwenye migomba, nikasikia miguu nyuma yangu. Miepesi, isiyo na viatu, juu ya majani makavu. Nikafurahi, nikajua ameamua kunifuata. Nikakata kona ya jiko.

Alikuwa amesimama pale nilipomwacha, mkono wake umeshikwa na mama yake.

Miguu nyuma yangu haikusimama. Wale watoto kwenye ua walikuwa wameacha kucheka. Kijana hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia nyuma yangu, chini kidogo, urefu wa kiuno. Mimi ni mtu asiyeogopa, waulizeni wanaonijua, lakini sikugeuka. Nikaendelea kukimbia na kuita, maana nilikuwa nimejiahidi mitano. Wa nne goti likakataa, nikajikwaa.

"Mzee," kijana akasema. "Pumzika. Na yeye amechoka."

Mama akamshika uso. "Yeye nani?"

"Mdogo wangu," akasema.

Mama akamuuliza, "Na wewe ni nani?" Kijana akalitaja jina lake, polepole, kama mtu anayesoma ubaoni. Mama akamwambia alitaje tena, na tena, na kila mara lilitoka jepesi zaidi. Kisha mama akaenda akaitandika ile sweta juu ya kaburi, akaipiga piga kama unavyomfunika mtoto.

Leo huyo kijana ana umri wake, anacheza na wakubwa, na karo ya kurudi shuleni ninalipa mimi, hilo nilijitakia. Siku ile nilivaa viatu vyangu nikiwa nimetazama nyumba, kaburi nimelipa mgongo, na nikatembea mpaka kwenye pikapu nikitazama mbele.