Djuma na Kravati ya Mukuka wa Ukutani

Djuma, mutoto wa kaka yangu Asumani, alizaliwa na sauti kubwa, na hiyo njo ilikuwa masomo yake yote. Asumani alikuwa mushonaji kule Naviundu, akataka mutoto arithi cherehani. Djuma alishona suruali moja. Mwenye ile suruali anachechemea mupaka leo. Basi baba yake akamupeleka ku kampuni ya shaba, ku tanuru, kwani kule shaba hailalamiki kama umeipima vibaya.

Sitaki kusema mubaya juu ya ile tanuru. Joto yake ilikuwa kiloko, kidogo tu: ukiingia na yai mu mufuko, unatoka na kifaranga ya kuchoma. Djuma alikaa kule miaka sita. Akirudi na kuvua shemizi, ile shati ya kazi, chumvi ya jasho inaishika, inabaki imesimama peke yake ku mulango, na Feza, muke wake, anaisalimia na kuipa kiti, akizani ni mugeni. Djuma alikohoa mupaka mabati ya jirani ikatikisika. Munganga wa hospitali akasema kifua kimeharibika. Mukubwa wa kazi akasema kifua kiko muzuri, ni Djuma njo muvivu. Tulimuamini mukubwa, maana yeye alikuwa na kiti ya kuzunguka.

Kisha kampuni ikapata akili. Iligundua kwamba sisi banamuke wa kambi ya bafanyakazi tunanywa mayi bila kuchemsha, batoto banaumwa tumbo, na baba zao banakosa siku za kazi. Bomba za kambi zilikuwa zinakauka kwa uaminifu mukubwa, kila juma, na sisi tunateka mu muto Naviundu. Kutengeneza bomba ni kazi ya fundi moja na siku mbili, kwa hiyo kampuni ikanunua mashine ya picha. Ilikuwa sanduku ya chuma, taa ndani, jicho mbele. Unatia kapicha kadogo ka kioo, sawa kipande ya biskuti, na ku ukuta muntu anatokea mukubwa kuliko mulango. Bakaiweka mu foyer, ile nyumba ya kufundishia banamuke, bakatafuta muntu mwenye sauti.

"Miezi tatu ya kujaribu," mukubwa akamuambia Djuma. "Ukishindwa, koleo yako inakungojea ku tanuru. Hatutaiazima muntu."

Feza akamuuliza munganga kama kile kifua kinaweza kurudi ku tanuru. Munganga akajibu kwamba kurudi kinaweza, ni kutoka njo hakitaweza.

Picha zilikuwa nane, na zilitoka Ulaya zamani kidogo. Baba mwenye koti na kravati nyekundu, mama, mutoto. Mama anateka mayi ya muto. Mutoto anaumwa. Sufuria ku moto. Mutoto anacheka. Mambo ya kueleweka na mbuzi. Siku ya kwanza Djuma akasimama wima sawa balivyomufundisha, fimbo ya kuonyeshea mu mukono.

"Picha ya kwanza. Baba, mama na mutoto. Picha ya pili..."

Adolphine, jirani yangu, akainua mukono. "Samahani, mwalimu. Huyu baba ni nani?"

"Ni baba tu, mama Adolphine."

"Hana jina?"

"Ni picha."

"Ata kama ni picha, alizaliwa na muntu. Ile paji ya uso ni ya bantu ba Sakania. Uliza vizuri."

Adolphine hakukosea. Ku Lubumbashi nyumba ya heshima iko na picha imetundikwa mu chumba ya wageni, na mugeni akikaa chini yake anauliza: huyu nani, alifanya nini, alioa wapi. Kuangalia uso ya muntu na kunyamaza, ni tabia ya mwizi anayechagua. Lakini Djuma alikuwa amepewa karatasi, na ku karatasi hakukuwa jina. Juma ya pili tulikuya banamuke tano. Mbili balikuwa banalala, na moja alikuwa shangazi yake, maana yake miye.

"Shangazi, banakimbia kwa nini?" akaniuliza.

"Unatuonyesha bantu tusiojuana nao, kisha unatuomba tuonee huruma mutoto wao."

Juma ya tatu akaacha karatasi ku nyumba. Baba akawa Mukuka, karani ku gari ya moshi ya Sakania. Mama akawa Chileshe. Mama-mukwe haonekani mu picha, Djuma akasema, kwa sababu mukwe na mama-mukwe hawawezi kusimama mbele ya jicho moja. Tukatikisa vichwa. Huyo sasa ni muntu mwenye adabu. Kuanzia hapo foyer ikajaa mupaka bantu banakaa ku dirisha. Banamuke wenye pete na viatu vya kisigino balitoka Karavia, kwa matajiri, na viti vyao. Ilisemekana kuko mumoja alizaa palepale na hakutaka kupelekwa maternité, nyumba ya kuzalia, kabla ya picha ya nane. Tulijua madeni ya moyo ya Mukuka, tulijua muke wake wa pembeni kule Kipushi, tulijua Chileshe analia wapi na saa ngapi.

Kuchemsha mayi? Nani alikuwa na wakati.

Miezi tatu ilipokaribia kuisha, barua ikafika: inspecteur, mukaguzi, anakuya kumupima Djuma. Ni muntu wa Chama, kile kinachotawala inchi, kifuani iko na alama ya Chama kubwa sawa kifuniko ya sufuria. Djuma akafurahi, akatupigia hesabu ya bantu wake wote wa foyer. Feza akamuuliza kitu moja tu.

"Na ile kravati?"

Mwaka ule serikali ilikuwa imekataza kravati. Mwanaume wa heshima anavaa abacost, koti ya kufunga bila kravati, na kila muntu anaitwa citoyen, mwananchi. Malaria ilitembea mu barabara zote bila kuulizwa kitu, lakini kravati hapana, ile ilikuwa hatari kwa taifa. Djuma akakaa chini, akachukua wino mweusi na kijiti ya kiberiti, akatia tone ku kifua ya Mukuka. Ku kioo ilikuwa ndogo sawa chozi ya kiroboto. Hakukumbuka kazi ya mashine ni nini.

Siku ikafika. Inspecteur mbele, miguu imenyooshwa. Taa ikawaka, na Mukuka akatokea na kitu nyeusi kutoka kidevu mupaka mukaba, sawa muntu aliyekumbatia gunia ya makala. Miye nikaomba Mungu amuzibe Adolphine mudomo. Mungu alikuwa na kazi ingine.

"Mwalimu, kravati yake iko wapi?"

"Kravati gani, citoyenne?" inspecteur akauliza, polepole.

"Ile nyekundu, citoyen. Miezi mbili yote alikuwa nayo. Ni ule wa Kipushi ameichukua, ao?"

"Alimuvuta nayo," mwingine akasema ku dirisha. "Mi nilijua tu."

Inspecteur akageuza kiti. "Citoyen Djuma. Miezi mbili, mu nyumba ya kampuni, ulikuwa unaonyesha banamuke kravati?"

Djuma alikuwa karibu na mashine, na pumzi ya ile taa ilikuwa inamupiga ku uso. Aliitambua ile joto. Feza, nyuma, akafunga macho.

"Alivua," Djuma akasema.

"Nani?"

"Mukuka. Njo habari ya leo. Alisikia ku radio kwamba kravati ni kamba ya wakoloni, akaivua yeye mwenyewe, bila kusukumwa. Hii nyeusi ni abacost. Iko mupya, vifungo havijafika."

Inspecteur akaangalia ukuta. Kichwa ikaanza kukubali, kiloko kiloko.

"Na kravati akatupa?" Adolphine akauliza. "Nguo ya mali vile?"

Djuma akaruka mupaka picha ya sufuria. "Mukuka anajua kutupa, mama Adolphine? Akaikunja mara mbili, akaitandika juu ya sufuria. Chileshe akamwaga mayi ya muto, matope ikabaki ku kravati, mayi ikapita. Kisha bakachemsha. Kisha bakachemsha."

Alisema mara mbili, miye ni shahidi. Hakuna mumoja alisikia. Banamuke balikuwa banapiga makofi juu ya kravati, na inspecteur alikuwa anaandika, kurasa mbili, ulimi inje. Ilikuwa mara ya kwanza kuona mayi na Chama mu sufuria moja. Kabla ya juma kuisha Djuma akapewa karatasi ya kazi yenye muhuri, na koleo yake ikaenda kwa mwingine.

Sasa uelewe: kila nyumba ya kambi ilikuwa na kravati imefichwa mu sanduku. Kuvaa haiwezekani, kuchoma inauma. Kesho yake ku Naviundu ilikuwa sikukuu: kravati ya buluu, ya mistari, ya ndoa, zote ku midomo ya ndoo. Matope ikapungua. Ugonjwa ya tumbo, ile ikaendelea vizuri.

Djuma akapita nyumba kwa nyumba. "Shangazi, muchemshe."

"Tuchemshe nini? Angalia uchafu yote imebaki ku kravati."

"Lakini ku picha kuko moto."

"Ile moto ni ya kusonga bukari. Chileshe alikuwa na wageni, si ulisema wewe mwenyewe?"

Akaenda kwa inspecteur kueleza. Inspecteur akamuambia asiharibu mambo: somo ya kravati imeshatumwa ku kambi zote, na yeye Djuma njo atazunguka kuifundisha. Na kama hataki, tanuru bado iko moto.

Akazunguka, miaka kumi na moja, na kifua yake ikapona. Ku nyumba yake, ku ndoo kumetandikwa kravati nzuri ya hariri, mbele ya mulango, bapita njia baione. Ndani Feza anachemsha mayi mupaka sufuria inaruka, na madirisha anafunga, kusudi moshi isimuharibie bwana yake kazi.