Papai na Paa la Wodi ya Wazazi

Siku aliyoanguka, fundi huyu hakuhitaji gari la wagonjwa. Alidondoka kutoka juu ya paa la wodi ya wazazi, akatua mbele ya mlango wa wodi yenyewe, na wauguzi wawili wakatembea hatua sita tu na machela. Watu wana midomo. Hata plasta haijakauka, jina lilikuwa limeshapatikana: Papai, kwa sababu papai likiiva huanguka lenyewe. Jina likamganda. Nyonga ya kushoto nayo haikurudi kuwa ile ya zamani, na daktari alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba mambo ya ngazi ndiyo basi tena.

Alikuwa na miaka hamsini na moja, na ishirini na minane kati ya hiyo aliitumia akipiga mabati. Mkewe alikuwa na desturi ya kumpelekea chakula kazini. Akifika chini ya jengo, anainua hotipoti juu na kupaza sauti, "Baba Watoto, shuka ule!" Naye Baba Watoto alikuwa na jibu lake moja, miaka yote: "Bati moja tu!" Bati moja likawa matatu, matatu yakawa sita, chakula kikawa barafu. Siku ile ya hospitali kweli lilikuwa moja. Alilipachika haraka haraka, akapiga misumari minne, akarudi nyuma hatua moja na kukanyaga ubao ambao ulikuwa bado haujapigiliwa. Mkewe aliona kila kitu, hotipoti ingali mkononi. Tangu siku hiyo akaapa hatainua tena macho kutazama paa lolote, la nyumba ya ibada wala la banda la kuku.

Shemeji yake, kaka wa mke, alimpa kiti katika duka lake la vifaa vya ujenzi. Kazi ilikuwa kupima misumari kwa kilo. Tusimseme vibaya shemeji, alitoa kwa moyo. Lakini mtu aliyezoea kuutazama mji kwa juu, akawaona watu wote kama vipara na vikapu, ukimweka nyuma ya mizani unamzika akiwa hai. Wateja wakimuuliza, "Vipi Papai, leo umepanda wapi?" alicheka nao. Akifika nyumbani chai ilipoa mbele yake.

Kilichomwamsha ni harusi ya mpwa wake. Kijana mmoja wa duka la simu, anayeitwa Kipanga, alikuja kupiga picha na droni. Wiki mbili baadaye familia yote ikakusanyika mbele ya televisheni kutazama. Wengine wanamtazama bibi harusi akizunguka na gauni lake, Papai ametoa macho upande mwingine kabisa.

"Rudisha nyuma kidogo," alisema.

"Umempenda bibi harusi?" shangazi mmoja alimtania.

"Bibi harusi hajambo. Mnaona lile paa la ukumbi nyuma yake? Kofia ya paa, lile bati la kileleni, imeng'oka misumari mitatu. Mvua ya kwanza ile inaingia ndani."

Watu walivunjika mbavu. Mvua ya kwanza ikaingia ndani kweli, ikaharibu spika za ukumbi.

Pesa yake ya fidia ya ajali aliinunulia droni. Shemeji alishika kichwa. Siku ya tatu mke alisema neno moja tu, "Leseni." Maana alikuwa amekisoma kitabu cha kanuni za droni ambacho mumewe alikuwa amekitumia kuwekea kikombe. Bila leseni ya mamlaka ya usafiri wa anga, mtu haruhusiwi kupokea hata senti moja kwa picha ya angani. Kuna mafunzo, kuna mtihani, kuna bima, kuna kibali cha kila eneo lenye uwanja wa ndege karibu, na leseni yenyewe inahuishwa kila mwaka kwa ada ambayo ukiitamka unameza mate.

Alikaa darasani na vijana wanaomwita mzee. Mara ya kwanza alifeli. Maswali ya upepo na mawingu aliyapata yote, kwa kuwa mtu aliyekimbia mvua miaka ishirini na minane akiwa na nyundo mkononi hafundishwi wingu. Yaliyomwangusha ni ya betri na mawimbi ya redio. Mkewe akageuka kuwa mwalimu. Anachambua mchele, anauliza swali. Anakunja nguo, anauliza swali. Akikosea, anamrudisha mwanzo wa ukurasa. Mara ya pili alifaulu, na mwanamke yule alikuwa amezijua kanuni kuliko yeye.

Ndiye aliyemkumbusha kanuni ya kumi na nne. Rubani wa droni anatazama skrini, kwa hiyo lazima awe na mtazamaji kando yake, mtu ambaye macho yake hayabanduki kwenye droni tangu inapopaa hadi inapotua.

"Nani atakutazamia?" aliuliza.

Papai hakuwa na pesa ya kumlipa mtu. Alikuna shingo.

"Basi nitatazama mimi," mke alisema. "Lakini tuelewane. Ninatazama hicho kidude. Wewe miguu yako iko chini, na nikisema shusha, unashusha. Sitaki kusikia habari za bati moja."

"Sawa, mama."

"Sema nimeelewa."

"Nimeelewa."

Ungedhani baada ya hapo riziki itafunguka. Wapi! Kila alikokwenda alimkuta Kipanga amefika jana. Kipanga hakuwa na leseni wala bima wala mtazamaji, alikuwa na miwani ya jua. Alirusha juu ya vichwa vya watu, juu ya barabara, popote, na bei yake ilikuwa nusu. Nyuma yake kulikuwa na vijana wengine wanane waliokuwa wakirusha kwa kujifurahisha, na hao walipiga picha kwa soda. Papai akieleza habari ya kibali, mteja anacheka. "Kibali cha nini, mzee? Si ni kama toi tu?" Mwaka ulikwenda hivyo, kazi moja leo, nyingine baada ya wiki tano. Mwezi mmoja ukabaki leseni iishe. Ada ya kuihuisha hakuwa nayo. Shemeji alikipangusa vumbi kile kiti nyuma ya mizani, na Papai alikiona.

Hapo ndipo hospitali ilipotangaza kwamba inataka mtu wa kukagua mapaa yake yote kwa picha, majengo ishirini na matatu, mkataba wa mwaka mzima. Msimamizi wa majengo, mama mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni na subira kidogo, alitoa jaribio moja. Wodi ya wazazi ilikuwa inavuja juu ya kitanda namba saba. Mafundi watatu walishapaka lami paa la juu ya kitanda hicho na bado inavuja. Atakayeonyesha maji yanapita wapi, ndiye atakayepewa mkataba.

Papai aliposikia ni wodi gani, alikaa chini. Kazi hii ingempa ada ya leseni na ya ziada, na akiikosa anauza droni na kurudi kupima misumari. Na ilikuwa juu ya paa lile lile.

Kipanga alirusha kesho yake, saa sita mchana, jua kali, na akaleta video yenye muziki. Ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Paa lilimeremeta kama sahani mpya. Papai alikuwa bado anasubiri kibali, kwa vile ndege ndogo hutua karibu na pale. Siku nne.

"Fundi, mwenzako ameshamaliza," msimamizi alimwambia kwenye simu. "Wewe unasubiri nini?"

"Kibali, mama. Kikitoka nakuja asubuhi mapema, jua likiwa chini."

"Jua likiwa chini utaona nini?"

"Mchana paa halina kivuli, mama, kwa hiyo halisemi siri zake."

Msimamizi alikata simu. Papai alijuta kujifanya mshairi.

Kibali kilitoka. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi walikuwa uani, yeye na mkewe, wamezungushia kamba sehemu ya kurukia kama kanuni inavyotaka. Msimamizi alikuja amejifunika kanga, anapiga miayo. Mke wa Papai alivuta pumzi, akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne kulitazama lile paa. Machozi yalimlengalenga, lakini macho hakuyabandua.

Droni ilipanda. Mpango wa Papai ulikuwa wa fundi, si wa mpiga picha. Mabati huwa yanapandiana, kila bati linalala kidogo juu ya jirani yake, na ukingo wa juu lazima uupe upepo mgongo, la sivyo upepo unasukuma mvua ndani. Pale upepo hutoka mashariki. Jua la asubuhi likipiga kutoka upande huo huo, kila ukingo uliolala vizuri hutupa kivuli chembamba. Alikuwa anahesabu vivuli. Mstari mweusi, mstari mweusi, mstari mweusi, kutoka mwisho wa jengo kuja katikati.

"Betri asilimia thelathini," mke alisema, maana kengele ya kidhibiti ililia. "Shusha."

Zilibaki futi chache tu kufika juu ya mlango. Kidole cha Papai kiliganda. Dakika moja ingetosha. Midomo yake ilifunguka na maneno yake yale ya zamani yalikuwa yameshafika kwenye ulimi.

Akayameza. "Nashusha," alisema.

Akabadilisha betri, msimamizi akitazama saa yake waziwazi. Akarusha tena. Mstari mweusi, mstari mweusi, halafu juu ya mlango kabisa, mstari mmoja uling'aa. Ukingo mmoja, katika paa zima, ulikuwa unalitazama jua. Ulikuwa umelala kinyume.

Papai aliujua. Lilikuwa bati lake la mwisho, lile la haraka haraka. Badala ya kulipandisha juu ya mwenzake alikuwa amelisokomeza chini, ili ashuke akale. Waliomalizia kazi hawakugundua. Miaka minne upepo unasukuma mvua mle, maji yanatembea juu ya ubao mita tisa, yanadondokea kitanda namba saba.

Angeweza kusema ni uchakavu. Nani angejua?

"Mama," alimwambia msimamizi, akimwonyesha skrini, "maji yanaingia hapa, mbali kabisa na kitanda. Bati hili limepachikwa kinyume. Aliyelipachika ni mimi, siku ile niliyoanguka. Niliharakisha."

Msimamizi alimtazama, akatazama skrini, akamtazama tena. Halafu alicheka mpaka funguo zikalia kiunoni.

"Miaka kumi na saba nafanya kazi na mafundi," alisema. "Kila kitu kikivuja, kosa ni la fundi aliyetangulia. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia fundi aliyetangulia ni wewe."

Siku hiyo hiyo kijana wa matengenezo alipanda, Papai akimwelekeza kwa picha kutoka chini: msumari huu toa, lile inua, hili lipite juu. Mvua ilinyesha usiku wa Jumatano. Alhamisi msimamizi alipiga simu yeye mwenyewe. Mama wa kitanda namba saba amelala vizuri, mtoto wake pia, dari kavu. Aje kutia sahihi.

"Na yule kijana mwenye muziki?" Papai aliuliza, maana na yeye ni binadamu.

"Kampuni ya bima yetu inataka namba ya leseni kwenye kila picha. Nilimwomba yake. Aliniuliza kama namba ya simu inatosha."

Papai aliweka simu chini akacheza. Kwa nyonga ile! Alizunguka sebule nzima, mguu mmoja unacheza, mwingine unafuata ukiweza, mkewe akimwambia atavunja meza. Leseni ilihuishwa siku tisa kabla ya kuisha. Shemeji alimpa mtu mwingine kile kiti, na akalia kwa furaha bila kujificha. Kwenye sanduku la droni Papai aliandikisha kwa rangi nyekundu: PAPAI, UKAGUZI WA MAPAA KUTOKA ANGANI, TUNA LESENI. Rangi haijakauka vizuri, Kipanga akaja mlangoni, miwani ya jua mfukoni, kuuliza kama ule mtihani ni mgumu sana. Mke wa Papai alimpa kitabu cha kanuni chenye alama ya kikombe kwenye jalada. Akamwambia aanzie ukurasa wa betri.

Siku ya kwanza ya mkataba walikuwa jengo la maabara. Kwa kazi ya siku nzima ilibidi wamlipe mtazamaji wa zamu ya pili, ili mke wa Papai apate kwenda nyumbani kupika. Saa saba alirudi uani na hotipoti. Droni ilikuwa juu ya paa, Papai amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, amezama kwenye skrini. Bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka ishirini na minane, mke aliinua hotipoti juu na kupaza sauti.

"Baba Watoto, shuka ule!"

Kisha akasikia alichosema, na mkono ukabaki hewani.

Papai aligeuka. Jengo la maabara lilikuwa limebakiza upande mmoja mdogo, hata dakika mbili usingechukua.

"Nashuka, mke wangu," alisema.

Akaiteremsha droni taratibu, ikatua katikati ya kamba. Akanawa mikono, akafunua hotipoti, na mvuke ukampiga usoni.