Ngoja Kwanza na Gari la Kupanda Mawe

Umma unatangaziwa kwamba fundi feni wa kona, maarufu kwa jina la Ngoja Kwanza, ameketi tena na nafsi yake kujadili suala zito: ekseli za gari la kuchezea zifungwe bushi au beringi? Kikao hicho kilifunguliwa binti yake alipong'oka meno ya mbele. Leo binti ana meno yote, ana shahada, na ana sanduku mlangoni.

Gari aliliunda mwenyewe, la rimoti, la kutambaa juu ya mawe, kwa sababu mtoto alilitaka. Kila kitu kilikamilika mapema, mpaka rangi nyekundu. Likabaki jambo moja. Bushi, ile pete ya shaba, ina subira: ukiilisha mchanga inatafuna na kuendelea, ila shafti huzunguka kwa kusuasua na mwisho hulegea. Beringi, yenye gololi zake, inateleza kama ulimi wa dalali, lakini tope likiingia inanuna.

Ukimletea feni inayopiga kelele, Ngoja Kwanza ataing'oa bushi na kuweka nyingine kabla hujamaliza kulalamika. Lakini feni ni za watu. Gari lilikuwa la mwanawe, na la mwanawe halikutakiwa kukosewa. Basi akafunga bushi, akafungua. Akafunga beringi, akafungua. Mtoto akija kusimama kando ya meza, anaambiwa ngoja kwanza, mama, kwani alirithi jina la bibi yake. Mtoto akangoja. Kisha akaacha kuja, na baba mtu, bila haya, akaona afadhali, sasa atafikiri vizuri.

Mkewe aliimba mpaka akachoka kwamba mchagua nazi hupata koroma. Siku moja akamuuliza kama na yeye alichaguliwa kwa mtindo huo. Akajibiwa kwamba yeye hakuchaguliwa, alijileta mwenyewe na feni mbovu.

Asubuhi hii dereva wa teksi alipiga simu kusema yuko njiani. Binti anakwenda kazini mbali, na kurudi kwake hakujulikani. Fundi akaupindua mkebe wa vipuri mezani, akashika kilichokuja mkononi, akakandamiza, akakaza skrubu, akatoka mbio gari likiwa kwapani na soli moja ya kandambili ikibaki nyuma.

Wakaliweka mbele ya kifusi cha matofali kando ya geti. Binti, na nguo zake za safari, akachuchumaa na rimoti. Gari likapanda taratibu, likayumba, likashika, likafika juu. Halikununa wala halikusuasua. Binti akacheka kile kicheko chake cha enzi za mapengo, na fundi akageuza uso kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Gari hili lingepanda vivi hivi siku yoyote ile. Aliyekuwa hapandi ni yeye.

Honi ikalia nje. Sanduku likaingia kwenye buti. Binti akamrudishia rimoti, akamkumbatia, akamnong'oneza sikioni:

"Enhe, baba, mwisho wa yote umefunga nini? Bushi au beringi?"

Fundi akaligeuza gari juu chini, akapuliza mchanga kwenye tairi.

"Sikuangalia, mama."