Mgongo wa Mama Zuhra

Mama Zuhra hakuwa mtu wa kulalamika. Ungemkuta sokoni Nyasubi nyuma ya ungo wake wa dagaa, amejishika kiuno, uso umekunjamana, ukamuuliza hali, angekujibu anamshukuru Mungu, hajambo. Ndivyo alivyolelewa. Maradhi ni ya Mwenyezi Mungu, na kumsimulia kila mpita njia ni kama kumshitaki Mola.

Adabu hiyo nusura imponze. Watafiti walikuja kwenye zahanati moja pale Kahama, wanataka kujua kama kukandwa kwa mikono kunasaidia mgongo na misuli kuliko vidonge peke yake. Wakamuuliza, toka sifuri mpaka kumi, maumivu yake yamefika wapi. Akajibu si haba, Alhamdulillah. Mwandishi wao, Selestine, akaandika mbili, akamwambia arudi nyumbani, maana walitafuta wenye maumivu makali. Jirani yake Swaumu, aliyemsindikiza, akashindwa kuvumilia.

"Baba, usimsikilize huyu. Asubuhi nimemvuta kitandani kama ndoo ya kisimani. Hata akikatwa mguu atakwambia hajambo."

Watu kwenye benchi wakacheka, Mama Zuhra naye akacheka huku kajishika kiuno, na Selestine akaifuta ile mbili. Ikapigwa kura, nani apewe vidonge tu, nani aongezewe mikono. Yeye akaangukia mikono.

Mikono yenyewe ilikuwa ya Paskalia, mama mnene wa Kisukuma, mwenye sauti ya chini. Alivuta pazia, akamlaza kifudifudi, akamfunika khanga akaacha kiuno tu. Akapaka mafuta, akaanza kusukuma kwa kiganja pembeni ya uti wa mgongo, taratibu, kama anayetafuta kitu kilichopotea ndani ya godoro. Mama Zuhra akauma pindo la khanga. Si kwa maumivu. Tangu mumewe Nuruddin afariki, hakuna mkono wa mtu uliokuwa umepita mgongoni mwake.

Zamani kule Geita, mumewe akichimba, yeye alikuwa akiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo kutwa nzima, na huko ndiko mgongo ulikoharibikia. Jioni Nuruddin alimkanda kwa samli, vidole vyake vigumu kama magome, huku akimtania kwamba kumbe kaoa bibi kizee. Yeye hakuwahi kumwambia mumewe kuwa aliingoja jioni ile tangu jua linapochomoza. Sasa angemwambia wapi?

Basi akawa anaingoja siku ya zahanati kama mtoto anavyoingoja Idi. Mgongo nao ukaanza kulegea. Siku moja akainama kuchota dagaa, akainuka bila kushika kitu. Hapo ndipo hofu ilipomwingia, maana Paskalia alikwishamwambia kuwa anayepona anaaga, nafasi inakwenda kwa mwingine. Alasiri hiyo, akiwa bado juu ya mkeka wa sala, akajikuta anajiuliza kama kusema sita ni uongo mkubwa sana. Akaomba toba kabla hata hajausema.

Siku ya kuulizwa, Selestine akashika kalamu. Mama Zuhra akalitazama lile pazia.

"Sifuri," akasema. "Mgongo umepona, mwanangu."

Paskalia akampongeza. Mama Zuhra akabaki amekaa pale pale, mpaka Paskalia akamuuliza kama kuna mahali bado panauma.

"Hapana, mama. Nilikuwa napenda kuja tu."

Jioni Zuhra, bintiye wa pekee, akapiga simu kutoka Geita, anakopikia wachimbaji chakula. Kila siku aliulizia mgongo, na kila siku mama alimjibu hajambo, asihangaike kuja, atunze biashara yake. Leo, baada ya shikamoo, akamwambia mgongo umepona kabisa.

"Alhamdulillah. Basi nimepumua, mama. Nilikuwa nafikiri nije kukuona."

Maneno ya siku zote yalikuwa tayari mdomoni mwa Mama Zuhra: haya mwanangu, endelea na kazi. Akayameza.

"Njoo," akasema. "Siumwi. Nimekukumbuka tu, mwanangu. Njoo unishike."

Upande wa pili mashine za kusaga mawe zilikuwa zikinguruma. Mama Zuhra akaibana simu sikioni, akangoja jibu la bintiye.