Jina la Fisi

Jina langu la nyumbani maana yake ni fisi. Sitaliandika hapa, kwa sababu aliyenipa alinikataza kulitaja ovyo, na ingawa alishakufa bado namwogopa.

Aliyenipa ni mama, kule Elburgon, nyumba yetu ikipakana na msitu. Kabla yangu alikuwa amezika watoto watatu. Vilima vyao vilikuwa nyuma ya jikoni, kando ya ua wa misipresi, na nilivipita kila siku nikienda kuteka maji. Hakuna aliyeniambia ni vya nini. Nilijua tu kwamba kuku wakichakura pale, mama huwafukuza kwa hasira ambayo sikuiona akiwa nayo mahali pengine.

Nilipozaliwa, walinilaza kwenye njia ya watu. Mwanamke mpita njia akaniokota, na mama akaninunua kwake kwa kibuyu cha maziwa. Basi machoni pa kifo nikawa mtoto wa kuokotwa, si wa tumbo lake. Kisha nikaitwa fisi. Zamani za mababu, sisi Wakipsigis hatukuwa watu wa kuchimba makaburi. Maiti ilipelekwa kichakani na fisi akaja kumaliza kazi. Kifo kwetu kilikuwa na miguu minne na harufu. Wazee wakaona kwamba fisi hamli wa kwake. Mwite mtoto fisi, na kifo kikija kitamnusa kisha kiende zake.

Lakini jina lilikuja na masharti yake: mtoto wa jina hilo hasifiwi. Nilipokuwa wa kwanza darasani, mama alisema bila shaka wenzangu wote walikuwa wagonjwa siku ya mtihani. Mgeni akisema nina macho mazuri, mama alisonya. "Huyu? Hata mbwa hamtaki." Na akisema hivyo, mkono wake ulikuwa umekamata gauni langu mgongoni, umelikunja ngumi nzima. Nilidhani ananizuia nisikimbie, na kweli nilitaka kukimbia. Nilimchukia, nasema wazi.

Nilikuja kuwa mwalimu wa chekechea mjini Nakuru. Kila mwaka mpya naita majina ya watoto. Miaka ya mwanzo fisi wenzangu walikuwapo, watoto waliotoka Molo na Njoro, na aliyewacheka aliniona rangi zangu zote. Kisha wakapungua, mmoja mmoja, hadi wakaisha. Siku hizi naita majina yaliyotoka kwenye runinga, mengine hata mzazi mwenyewe yanamkwama kooni. Walimu wenzangu husikitika kwamba mila zinapotea. Hili langu sikulisikitikia. Likivuma, ujue nyuma ya majiko kuna vilima. Chanjo zilikuja, zahanati zikaja, fisi akakosa kazi.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia mpaka binti yangu akazika mtoto wake wa kwanza, halafu wa pili. Madaktari walieleza. Mimi sikuelewa, na sidhani kama yeye alielewa. Mama alikuwa ameshafariki bila kuniachia neno moja tamu. Ndipo nikaanza kumsikia, mchana kweupe, nikiwa naosha vyombo: msonyo mmoja, karibu na bega. Nikigeuka, hakuna mtu.

Mwaka huu akazaliwa wa tatu, msichana. Nilikwenda kwa binti yangu na uji wa wimbi kwenye themosi, nikamwacha anywe kwanza. Kisha nikamwambia tumpe mtoto jina langu.

"Mum, zii. Siwezi ita mtoto wangu fisi. Hiyo kitu ilikuumiza wewe, sasa unataka kumletea yeye?"

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," nikasema.

"Sijatukana mtu. Ako na jina tayari. Nimemtafutia zuri."

Akanitajia. Lilikuwa zuri kweli, jina la nuru na asubuhi, na mwili ukanisisimka. Niliona ni kama tumewasha taa mlangoni na kukiita kifo kwa mkono. Nilikaa pale juma zima nikimlinda mtoto. Akinyamaza, naweka kidole puani mwake nisikie pumzi. Na mama hakuniacha. Alisonya jikoni, alisonya bafuni, na sasa nilijua anachosema: msifuni, msifuni tu, mtalia.

Siku niliyokuwa nafunga mkoba nirudi kwangu, jirani alikuja kumwona mtoto, mama mtu mzima ambaye wazazi wake walitoka Pwani, na sahani ya kaimati mkononi. Akamwinamia mtoto mapajani mwa binti yangu, akafunua shali.

"Mashallah! Mtoto mzuri huyu. Hebu ona macho!"

Moyo ulinipasuka.

Binti yangu akasonya.

"Huyu? Mzuri wapi, mama? Kichwa kama kiazi. Hata mbwa hamtaki."

Nilikuwa nimeapa maneno hayo hayataingia nyumbani mwangu, na sikuwahi kumwambia. Labda aliyasikia kwa nyanya yake akiwa mdogo. Labda. Jirani alicheka kama mtu anayeelewa, akamfunika mtoto vizuri, akaanza habari za bei ya maji.

Mimi sikumsikia. Nilikuwa natazama mkono wa binti yangu. Ulikuwa mgongoni mwa mtoto, umeikunja ile shali ngumi nzima, mishipa imesimama. Ndipo nikahisi gauni langu limekazwa mgongoni, pale pale pa zamani, na kwa mara ya kwanza sikutaka kukimbia.