Chura Aliyemmeza Bwana Harusi

Mtunzaji amepiga magoti mbele ya sanduku la kioo. Kwa kibanio kirefu anamning'iniza nyungunyungu juu ya udongo. Ukitazama harakaharaka utasema sanduku ni tupu. Tazama vizuri: kati ya majani makavu yamechomoza macho mawili, na juu ya kila jicho kipembe laini cha ngozi.

Udongo unaruka. Nyungunyungu hayupo.

"Huyu mbio hana," anasema, mzee mwembamba ambaye wenzake katika bustani hii ya wanyama humwita Baba Chura. "Mwili mzima ni mdomo na tumbo. Anajifukia, anatulia tuli. Chochote kinachopita na kuenea mdomoni, basi ni chakula."

Ndivyo alivyokwenda dume, mwenzi wa jike huyu.

Walikuwa wawili tu, jike na dume. Wakubwa wa bustani walisema wakizaa, chumba cha vyura kitabaki; wasipozaa, kitafungwa. Baba Chura akawanyeshea mvua ya bomba mpaka dume akaanza kuita. Kabla ya kuwakutanisha, jike hushibishwa kwanza. Akamtupia nyungunyungu, majani yakatikisika, akadhani ameliwa. Kumbe nyungunyungu alikuwa amejipenyeza chini ya udongo, mzima wa afya, na jike bado ana njaa.

"Bwana harusi nilimweka kwa mkono wangu mwenyewe," anasema. "Nikageuka kufunga bomba. Kurudisha macho, naona miguu ya nyuma tu! Nikavuta, wapi! Akishang'ata huyu haachii. Nililia, mwanangu. Nililia kama mtoto."

Nyumbani mkewe alijaribu kumchekesha. "Baba wee, hata sisi wake wa watu wazo la kummeza mume hutupitia." Hakucheka, na hadi leo chakula hakimpandi.

Chumba kitafungwa mwezi huu. Yeye atahamishiwa getini kukata tiketi. Jike atapelekwa wapi, hakuna aliyemwambia. Ameomba dume mwingine kutoka bustani nyingine, na bado hajajibiwa.

Hata hivyo kila asubuhi anafungua bomba, mvua inanyesha, ili dume akija amkute jike yuko tayari. Chumba kiko kimya, maana kwa vyura hawa anayeita ni dume.

"Akija, safari hii sitaangalia majani. Nitaangalia koo la jike mpaka nione limemeza nyungunyungu," anasema, akifuta kioo kwa kiganja. "Huyu simlaumu. Alikuwa na njaa, na wa kuijua njaa yake nilikuwa mimi."